Ulimi wa Kuazima: Nyuma ya Pazia la The Wire

Maneno haya niliyasema Unguja, mbele ya vijana wa kikundi cha maigizo, jioni tuliyokaa pamoja kutazama sehemu ya kwanza ya The Wire. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Assalamu alaykum. Hamjambo wote, na wazee mlioko kule nyuma, shikamooni.

Leo mchana niliposhuka botini, kijana aliyenisaidia begi aliniuliza nimekuja na shughuli gani. Nikamwambia nimekuja kuzungumza habari za tamthilia moja ya Kimarekani, ya zamani kidogo. Akauliza, "Ile aliyocheza Idris?" Nikamjibu ndiyo hiyo hiyo. Akatembea hatua tatu nne, halafu akanigeukia: "Kwani Fumba anajenga lini?"

Nimecheka mpaka Darajani. Tangu mwaka 2024, ilipotangazwa kwamba Idris Elba anatengewa karibu hekta 80 pale Fumba za kujenga studio ya filamu, hapa kwenu mtu huyu si mwigizaji tena, amekuwa mkwe. Jina lenyewe linamsaidia. Kwa ukamilifu anaitwa Idrissa, na mimi nikitoka nje sasa hivi nikaita "Idrissa!" wataitika watano. Basi kwa kuwa mnamngoja, si vibaya mkajua aliingia kwenye kazi hii kwa mlango gani. Hakupita wa mbele.

Kwa wale ambao hawajaiona: The Wire ilirushwa na HBO kuanzia tarehe 2 Juni 2002 mpaka tarehe 9 Machi 2008, misimu 5, sehemu 60. Mambo yote yanatokea Baltimore, mji wa bandari katika jimbo la Maryland. Polisi upande huu, wauza unga upande ule, na kila msimu unatufungulia chumba kingine cha nyumba ileile: makuli wa bandarini, wanasiasa, walimu na wanafunzi wao, mwisho waandishi wa magazeti. Walioianzisha hawakulelewa kwenye filamu. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu katika gazeti la The Baltimore Sun, na mwaka 1988 alikaa mwaka mzima na wapelelezi wa kesi za mauaji, anawafuata, anawasikiliza, anaandika. Mwenzake, Ed Burns, alikuwa mpelelezi katika jeshi hilohilo la polisi, na alipoacha upolisi akaenda kufundisha katika skuli za mji huo. Mmoja alileta masikio, mwingine akaleta mafaili.

Turudi kwa mkwe wetu.

Idris kazaliwa Hackney, London, baba Msierra Leone, mama Mghana. Akavuka kwenda New York kutafuta riziki ya uigizaji, na New York ikampokea kama inavyowapokea wengi. Alisimama mlangoni mwa klabu ya vichekesho akichuja nani aingie na nani arudi kwao, akapiga muziki wa disko, na mwenyewe amesimulia kwamba kuna kipindi alikuwa analala ndani ya gari. Katika hali hiyo ndipo ikaja nafasi ya usaili wa The Wire. Mama aliyekuwa akisaka waigizaji, Alexa Fogel, alijua vizuri kijana katokea wapi. Akampa sharti moja tu: usiseme kama wewe ni Muingereza. David Simon alikuwa anatafuta watu wa mitaa ya Marekani, hakutaka kuletewa mtu wa London ajifanye mtu wa Baltimore.

Idris akaifungia Hackney kabatini. Naomba tusimame kidogo hapa, kwa sababu ninyi ni waigizaji na mnajua ugumu ulipo. Kusema maneno ya skripti kwa lafudhi ya kuazima, hiyo ni kazi ya dakika tano, utaifanyia mazoezi mbele ya kioo, utaiweza. Kazi ni pale skripti inapokwisha. Mtu anazima kamera, anajinyoosha, anakuuliza, "Haya, kwenu hawajambo?" Hapo huna sentensi uliyoandikiwa. Na Idris alirudi usaili mmoja baada ya mwingine, kila mara ameingia na ulimi huo wa kuazima na kutoka nao. Mpaka karibu na mwisho, Simon akamuuliza katokea wapi. Kwa simulizi ya Idris mwenyewe, hapo uongo ukamshinda, akakiri. Lakini samaki alikwishaingia demani: walikuwa wanamtaka.

Nafasi aliyokuwa akiisomea ni ya Avon Barksdale, bosi wa genge. Wakampa Stringer Bell, mtu wa pili, yule wa hesabu, anayesimamia biashara ya unga mchana na jioni anabeba madaftari kwenda chuoni kusoma uchumi. Sasa hivi ukimfikiria mtu mwingine yeyote katika nafasi ile huwezi.

La kufurahisha ni kwamba wakati Simon anawakimbia Waingereza, mhusika mkuu wa upande wa polisi, Jimmy McNulty, alichezwa na Muingereza vilevile. Dominic West, mzaliwa wa Sheffield, kasoma Eton, skuli ya mawaziri wakuu. Huyu naye kisa chake kina vituko. Alitakiwa atume mkanda wa usaili. Kwa kawaida unatafuta mtu akusomee maneno ya mhusika wa pili ili uwe na wa kujibizana naye. Mkanda wa West ulifika hauna mtu wa pili. Anasema sentensi yake, ananyamaza, anamsikiliza mtu ambaye hayupo, anakunja uso kwa lile ambalo hakuna aliyelisema, kisha anajibu. Simon na wenzake walicheka. Wakacheka tena. Halafu, katikati ya kucheka, wakaona kwamba huyu bwana anavyosikiliza ule ukimya ni mwigizaji kweli, wakamwita.

Mimi huwa nawapa wanafunzi wangu zoezi hilo. Kukariri wengi wanaweza. Kusikiliza ukuta ukajibu kama umeambiwa kitu, hapo ndipo wanapoanza kutafuta maji ya kunywa.

Lafudhi ya West ilikuwa ikimponyoka mara mojamoja, hasa akikasirika. Watunzi wakaona kuliko kuificha, waichezee. Katika msimu wa pili McNulty anatakiwa aingie danguro kama mteja wa kupeleleza, na wanaamua ajifanye mtalii wa Kiingereza. Kwa hiyo mnamwona Muingereza, anayecheza Mmarekani, anayejifanya Muingereza, tena anajifanya vibaya mpaka anatia huruma. Simon ndiye aliyeandika sehemu hiyo. Nadhani alikuwa analipiza kisasi.

Mnacheka, lakini mimi lafudhi imenitoa jasho hapahapa kwenu. Miaka mingi nyuma nilicheza mchezo wa redio, mimi mtu wa bara, nikapewa nafasi ya mzee wa Kipemba muuza matunda na mboga sokoni. Nikajiamini. Nikavuta maneno, nikaimba mwisho wa sentensi, nikaona nimekuwa Mpemba kuliko Wapemba. Skripti ilikuwa imeandikwa Kinondoni. Nikanadi: "Nyanya! Nyanya mbivu!" Kipindi hakijaisha, simu imelia studioni. Mama mmoja, sauti ya upole kabisa, anauliza: "Samahani mwanangu, huyo Mpemba gani anauza nyanya? Tungule zimekwisha?" Na hakuishia hapo. Akaongeza kwamba mjukuu wa mzee yule katika mchezo alikuwa anakwenda "shule", na Pemba nzima yeye hajui mtoto anayekwenda shule, anawajua wa skuli tu. Sauti niliipatia. Tungule zikaniangusha.

Sasa watu wa The Wire dawa ya tungule waliipata namna gani? Waliwaingiza wenye tungule zao kwenye seti.

Chukueni mfano wa Melvin Williams, aliyejulikana Baltimore kama Little Melvin. Katika miaka ya 1980 alikuwa mmoja wa wakubwa wa biashara ya unga mjini pale. Ed Burns alikuwa miongoni mwa polisi waliomchunguza mpaka akanaswa, na David Simon akaandika habari zake gazetini mwaka 1987. Miaka ikapita, kifungo kikaisha. Katika msimu wa tatu mnamwona mzee mmoja wa kanisa, mpole, mwenye busara, anaitwa Deacon, anawashauri watu wa mtaa. Ndiye yeye. Aliyemkamata na aliyemwandika ndio waliompa kazi.

Yuko mpelelezi wa kweli aliyeitwa Jay Landsman. Katika tamthilia kuna sajenti mnene anayeitwa Jay Landsman, lakini anachezwa na Delaney Williams. Landsman mwenyewe yumo pia, anacheza askari mwingine kabisa mwenye jina jingine. Na Ed Norris, aliyewahi kuwa kamishna wa polisi wa Baltimore, anacheza mpelelezi wa kawaida anayeitwa Ed Norris. Kati ya misimu, kamishna huyo halisi alihukumiwa na akatumikia kifungo, kisha akarudi kwenye tamthilia. Ukiwa mgeni kwenye seti ile, ukaambiwa uonyeshe nani anaigiza na nani hajaacha kazi yake ya zamani, ungeshindwa.

Na Snoop. Wengi wenu mnaoifahamu tamthilia hii mnamwogopa Snoop mpaka leo, yule binti mwembamba anayezungumza taratibu kama anahesabu chenji. Jina lake la kuzaliwa ni Felicia Pearson, na katika tamthilia anaitwa hivyohivyo, Felicia, Snoop. Alikuwa na miaka 14 alipokamatwa kwa kesi ya mauaji, akafungwa gereza la watu wazima. Baada ya kutoka, Michael K. Williams, aliyecheza Omar, alikutana naye kwenye klabu ya usiku Baltimore. Akamwangalia, akamsikiliza anavyozungumza, akamwambia aje kwenye seti. Hakuwa amesoma uigizaji hata siku moja. Msimu wa nne unafunguka na yeye peke yake dukani ananunua bunduki ya kupigia misumari, anamwuliza muuzaji maswali kama fundi seremala, na muuzaji masikini anamweleza kwa furaha. Dakika hizo chache nimezitazama mara nyingi kuliko idadi ya sinema nilizocheza mwenyewe. Stephen King, mtu ambaye kazi yake ni kutisha watu, aliandika kwamba labda hajawahi kutokea mwanamke mbaya wa kutisha kama huyu kwenye tamthilia ya televisheni.

Lakini msije mkadhani waliochukuliwa mtaani ndio waliobeba kila kitu. Andre Royo, aliyecheza teja anayeitwa Bubbles, ni mwigizaji wa kusomea, na mwanzoni hakuipenda kazi ile. Aliona ni ileile ya kumchora mtu mweusi akiwa hana thamani. Akaikubali, akaenda kuwatazama mateja wa kweli wanavyotembea, wanavyojikuna, wanavyoomba. Siku moja wakati wa kupiga picha, akiwa amevaa matambara yake na kupakwa uchafu usoni, mtu akamsogelea mtaani na kumtia kitu mkononi. Dawa. Akamwambia wewe unaihitaji kuliko mimi. Royo ameita ile ndiyo Oscar yake ya mtaani. Nikimfikiria yule aliyetoa, mtu mwenye arosto yake mwenyewe, anagawa alichonacho kwa mwigizaji ambaye jioni atarudi hotelini kuoga maji ya moto, sijui nicheke au nifanye nini.

Wale watoto wanne wa msimu wa nne, wanafunzi, walikuwa na mwalimu wao pembeni: Robert Chew, mwenyewe mtu wa Baltimore, yule mnene aliyecheza Proposition Joe. Alikuwa mtu wa jukwaa, mfundishaji wa vijana, na ndiye aliyewanoa. Chew alifariki Januari 2013. Mkiwatazama watoto wale, mtazameni na yeye ndani yao.

Misiba pia iliingia ndani ya kazi. Robert Colesberry, mtayarishaji aliyejenga sura ya tamthilia nzima tangu mwanzo, alikuwa pia anacheza askari mmoja mdogo, Ray Cole. Akafariki Februari 2004. Badala ya kumwandikia barua ya kumuaga, wakamfanyia matanga ndani ya tamthilia: katika msimu wa tatu, polisi wote wamekusanyika baa, mwili wa Cole umelazwa juu ya meza ya pool, na Landsman yule wa kuigiza anasoma wasifu. Machozi mengine mle ndani hayakuandikwa kwenye skripti.

Na kwa kuwa tumetaja maiti: Stringer Bell anauawa katika msimu huohuo wa tatu. Naomba radhi kwa ambao hawajafika huko, miaka ishirini imepita, mlikuwa wapi. Idris hakufurahia kifo kile. Katika maandishi ya awali, Omar alikuwa aukojolee mwili baada ya kumuua. Idris akakataa. Afe, sawa, kazi ni kazi, lakini maiti isidhalilishwe. Wakakifuta.

Omar mwenyewe ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi kidogo. Michael K. Williams alizaliwa Brooklyn. Lile kovu linaloshuka kutoka paji la uso mpaka shavuni si rangi ya mpambaji. Usiku wa kutimiza miaka 25 alikatwa wembe katika ugomvi nje ya baa. Kovu likampatia kazi, maana waliokuwa wakitafuta majambazi walikuwa wanaona uso umekwisha kuigiza kabla mdomo haujafunguka. Omar alikusudiwa aonekane sehemu saba hivi, kisha aondoke. Alikaa misimu yote mitano. Anawaibia wauza unga, anatembea na bunduki ndani ya koti refu, na kabla hajatokea unasikia mluzi, watoto wanakimbia wakipiga kelele jina lake. Ule mluzi, kwa taarifa yenu, haukutoka kinywani mwake. Ulipachikwa baadaye katika chumba cha sauti.

Januari 2008, Barack Obama, yule ambaye baba yake ni wa Kogelo kule Nyanza, yuko kwenye kampeni, gazeti moja la Las Vegas likamuuliza tamthilia aipendayo. Akataja The Wire, na mhusika anayempenda akasema ni Omar. Hebu fikirini, mtu ametoka mtaani kwao, leo anatajwa na mgombea wa urais. Williams akaja kukutana na Obama mkutanoni. Miaka baadaye alieleza mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, kwamba siku ile alikuwa amelewa dawa kiasi kwamba hakuweza kuzungumza.

Alisema waziwazi kwamba Omar alimvaa. Mitaani watu walimwita Omar, naye akaitika. Akaona jina lile lina nguvu kuliko lake, akawa analirudia hata kamera ikizimwa, na kwenye hayo akazama katika kokeini. Idris ulimi wa kuazima aliurudisha kwa wenyewe. Kila mahojiano unamsikia ni mtu wa Hackney. Williams aliazima wa mtu aliyefanana naye mno. Alipambana miaka mingi, akaanguka, akainuka, akawa anakwenda kuzungumza na vijana walioko kwenye hatari. Tarehe 6 Septemba 2021 alikutwa amefariki nyumbani kwake Brooklyn, dawa zilizochanganywa na fentanili. Alikuwa na miaka 54.

Mtaniuliza tuzo. Emmy haikupata hata moja. Iliteuliwa mara mbili tu, zote kwa uandishi, haikushinda. Watazamaji walikuwa wachache mpaka baada ya msimu wa tatu ikakaribia kufungwa. Tuendelee.

Vijana wa projekta naona wananionyesha saa, kwa hiyo nimalizie na mawili mtakayoyaona usiku huu.

La kwanza ni mwanzo kabisa. McNulty amekaa kwenye ngazi na kijana shahidi, mbele yao kuna maiti. Marehemu alikuwa kila Ijumaa anaingia kwenye kamari ya dadu, pesa zikijaa anazikwapua na kukimbia, wanamkamata, wanampiga, Ijumaa ijayo anarudi. McNulty anauliza, kama mlijua ataiba, mbona mlimruhusu kucheza? Kijana anamjibu kwamba hawana budi, hii ni Marekani. Kisa hicho hakikutungwa. Simon alikisikia kwa mpelelezi wa kweli katika ule mwaka wake wa kusikiliza.

La pili ni kochi. Vijana wanaouza unga wana maskani yao uani, katikati ya nyumba za ghorofa chache, na pale katikati pamewekwa kochi la rangi ya chungwa, limechakaa, limezama upande mmoja, wao wanalikalia kama kiti cha enzi. Kochi hilo likawa maarufu kuliko baadhi ya waigizaji. Lakini walipokwisha kupiga picha za sehemu ya kwanza, wakawa wanangoja HBO iamue kama kazi itaendelea, likatupwa kama takataka. HBO ikakubali, watu wakarudi kazini, kochi halipo. Ikabidi mafundi watengeneze jingine, walichakaze kwa makusudi, walizamishe palepale lilipozama la mwanzo. Kuanzia sehemu ya pili mpaka mwisho mnalotazama ni la kuigiza.

La leo ndilo lenyewe. Haya, zimeni taa.